Kilemba Changu na Mahari Yako

Doha, Jumatatu, baada ya Alasiri

Mdogo wangu Mwanasiti,

Assalaam alaykum. Nakuulizia hali yako katika eda hii, na hali ya mtoto, kama kile kikohozi kimemwacha au bado mnamchemshia magome ya mkandaa. Mama naye je, magoti yanamruhusu kutoka mpaka barazani, au bado anakaa uani akipokelea wageni jikoni? Mfikishie shikamoo yangu, ila isome barua hii mpaka mwisho kabla hujamfikishia, nitakueleza kwa nini. Mimi ni mzima kwa uwezo wa Mungu. Nakula, nalala, nasali, na mengine utayasoma.

Utashangaa kupata karatasi badala ya sauti yangu kwenye simu. Sauti huko kwetu ni mali ya wote. Nikikutumia moja, kabla hujaimaliza imeshasikika uani na kwa jirani, na kila mtu ameshatoa fatwa yake. Hii nataka uisome peke yako kwanza. Tena kadhi alitaka karatasi yenye sahihi, si maneno ya simu. Anakuletea Fadhili, mwenzangu wa chumbani, mtu wa Tanga. Mkataba wake umekwisha, atashukia Mombasa aende kwao kwa njia ya Lunga Lunga, na ameniahidi atateremka hapo Msambweni akukabidhi mkononi. Mpe chai na chochote kilichopo. Ni mtu mwema kuliko mimi.

Kazi yangu mnaijua kwa jina tu. Mliambiwa niko ghalani, Mama akashukuru kwamba mwanawe hachomwi na jua la Waarabu. Ni kweli sichomwi. Ghala lenyewe ni la kugandishia nyama, na baridi yake si ya kusimuliwa kwa mtu wa pwani. Tunapanga makatoni ya kuku na kondoo tangu asubuhi, masharubu yanaota barafu, na ukitoka nje joto linakupiga usoni mpaka unayumba. Makoti mazito ni kumi na sisi tuko kumi na sita, kwa hiyo anayechelewa kumaliza chai huingia na sweta lake. Vidole vyangu viwili vya mkono wa kushoto vilikufa ganzi miezi minne iliyopita na havijarudi. Daktari wa kambini alivitazama akanipa mafuta ya kuchulia. Sikuandikii haya ili unihurumie. Nakuandikia kwa sababu najua mnasema nakula raha huku nimewasahau. Raha sili. Kukusahau, hilo nilijaribu.

Sasa nianze. Nitaeleza kila kitu tangu mwanzo, hata kile unachokijua, kwa sababu karatasi hii itasomwa na kadhi ambaye hakuwapo. Univumilie nikirefusha.

Baba alipofariki, Mungu amrehemu, mimi ndiye mwanawe mkubwa, na hivyo nikawa walii wako, mwenye kukuoza. Nassoro alipoleta posa hatukuwa na neno baya juu yake. Kijana wa Kinondo, ana duka la simu Ukunda, anavaa vizuri, anasalimu wazee kwa adabu. Nikakuuliza unataka mahari gani. Wewe si mtu wa tamaa. Ukasema bangili mbili za dhahabu, na kilichobaki upewe fedha taslimu ununue friza, ili samaki wako wasikuozee siku ambayo wateja hawaji. Ulikuwa umeshachoka kuuza pweza kwa bei ya kutupa kila ikifika jioni, wewe na wenzako mama karanga, wakaanga samaki, huku wenye friza wakinunua kwenu na kuuza kesho yake mara mbili. Ilikuwa mahari ya mtu mwenye akili. Nikasema nitaifikisha.

Nikaifikisha. Nilikwenda Ukunda dukani kwake, tukakaa nyuma ya kaunta, akaagiza soda. Nassoro akaniambia dhahabu ni mambo ya bibi zetu. Akanionyesha kwenye simu yake ile sarafu ya mtandaoni iliyokuwa ikivuma wakati ule, ambayo vijana wote wa hoteli walikuwa wakiitaja kama jina la mchumba. Akasema yeye anazo nyingi, na angependa akutolee mahari kwa hizo, sarafu mia mbili. Nikamwambia dada yangu ametaka dhahabu. Akatabasamu. Akasema, "Shemeji, na kilemba chako nacho nimekifikiria."

Wewe unajua kilemba ni kitu gani, na kadhi anajua. Ni heshima anayopewa baba wa bibi harusi, au anayesimama mahali pake, kama mama anavyopewa mkaja. Kwetu sisi hakizidi elfu kumi, na mwenye haya hurudisha nusu. Nassoro alinitajia sarafu mia moja. Nikamuuliza moja ni shilingi ngapi. Akabonyeza simu, akanionyesha. Elfu moja na mia mbili.

Nilijua hesabu hiyo kabla soda haijaisha. Ajenti wa Mombasa aliyekuwa akinitafutia kazi ya huku alitaka laki moja na elfu ishirini, na mimi nilikuwa nimehangaika mwaka mzima bila kufikisha hata robo. Mwanasiti, sikusukumwa na mtu. Nilinyanyuka pale nikiwa nimekubali, na njia nzima ya kurudi Msambweni nilikuwa nikitunga namna ya kukwambia.

Nilivyokwambia unakumbuka. Nilisema dhahabu inaibiwa, friza inaharibika, lakini sarafu hii inakaa inaongezeka yenyewe. Nilikusifia kitu nisichokielewa kwa ulimi wa mtu aliyekielewa tangu utotoni. Mama alikuwa akichambua mchele, akanisikiliza, akasema yeye hana elimu ya hayo, ila mkaja wake aletewe kitu kinachoshikika. Nassoro akamletea leso doti mbili na fedha za karatasi ndani ya bahasha. Katika nyumba yetu yote, Mama peke yake ndiye aliyepokea alichoahidiwa.

Siku ya nikaha nilikuja chumbani kukuuliza kama unaridhia, maana ndiyo kazi ya walii. Ulikuwa umejifunika, chumba kinanuka asumini, na wanawake wamekuzunguka. Ukaniuliza kwa sauti ndogo kama hizo sarafu zitakuwa katika simu yako au ya nani. Simu yako wakati ule ilikuwa ya kubonyeza, haina mtandao. Nikakwambia Nassoro atakutunzia, sema ndiyo, watu wanangoja. Ukasema ndiyo.

Msikitini, Mwalimu Hamisi, aliyetufundisha sote juzuu, alikuwa na daftari la ndoa magotini. Alipofika kwenye mahari akasimamisha kalamu. Akauliza hiyo sarafu ni kitu gani, kwa kuwa mahari sharti ijulikane. Nassoro akasema ni uwekezaji, unauweka unazaa. Mwalimu akamwambia mahari si mbegu. Nassoro akasema basi ni mali, kama shamba. Mwalimu akauliza shamba hilo liko upande gani wa barabara, na watu wakacheka. Halafu akanigeukia mimi.

"Bakari, wewe ndiye walii. Ni fedha hii, au si fedha?"

"Ni fedha, Mwalimu," nikasema. "Ni fedha ya siku hizi."

Akataka basi aandike thamani yake kwa shilingi. Hapo nikamzuia. Nikasema tusimfunge bibi harusi kwa bei ya leo, kesho itapanda, tutakuwa tumemdhulumu. Wazee wakatikisa vichwa wakaona huyu walii ana uchungu na dada yake. Mwalimu akaandika "sarafu mia mbili za mtandaoni", akafunga hesabu. Shilingi haikuandikwa.

Sababu niliyoitoa haikuwa sababu. Kama bei ya moja ingetajwa mbele ya watu, siku yoyote ambayo Nassoro angeropoka kwamba walii amepata mia, Ami Suleiman, ndugu yake Baba, angepiga hesabu kwa vidole na kujua nimechukua laki na zaidi. Kilemba cha namna hiyo hakijapata kusikika Msambweni. Wangeuliza nimeuza nini. Nilifunga mlango ule kwa ajili yangu, na leo umekufungia wewe nje. Naona haya kuandika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya tano baada ya harusi nilimwambia Nassoro sitaki kuweka, nataka shilingi. Hakushangaa. Akanitafutia mnunuzi siku hiyo hiyo, na fedha zikaingia katika simu yangu kutoka namba yake mwenyewe, laki moja na elfu ishirini kamili, pamoja na ujumbe. Ajenti akapata chake. Mwezi wa pili nikapanda ndege.

Halafu kuna ile siku uliyonipigia, mimi nikiwa huku miezi mitatu. Hili ndilo linalonisumbua kuliko yote, hata kuliko la msikitini. Ulisema umepata friza ya kununua, mtumba mzuri, mama mmoja wa Diani anahama. Ukaniuliza, "Kaka, nimwambie Nassoro aziuze?" Bei wakati ule ilikuwa bado iko juu. Ungeuza, ungenunua friza na bangili zako, na fedha zingebaki. Mimi nikakwambia usiuze, mvumilivu hula mbivu. Nilijua ukiuza utajua bei, na ukijua bei utauliza yangu ilikwenda wapi. Wewe ukavumilia kwa sababu kaka yako amesema. Wiki chache baadaye sarafu ikaanza kuporomoka na haikusimama.

Yaliyofuata nayajua kwa simu. Duka la Nassoro lilidorora, maneno yakaingia nyumbani, akakuacha, nawe ukarudi kwa Mama na mtoto mgongoni. Ulipodai mahari yako akakuonyesha simu. Akasema, mahari yako hii hapa, mia mbili, hesabu. Uliniambia kwa leo zote kwa pamoja ni kama shilingi elfu moja, yaani kuku mmoja na unga wa kumlia.

Siku wazee walipokaa kwenu mliniwekea simu katikati nisikilize. Nilisikia kila kitu. Nassoro alisema alikupa mahari siku ile ile, ukamwachia akutunzie, na amana ikipotea bila ya uzembe mtunzaji hadaiwi. Ulikuwa uwekezaji, akasema, na uwekezaji una kupata na kukosa. Ami Suleiman, aliyetoka Kikoneni tangu alfajiri kwa ajili yako, akakataa katakata kwamba ile ni mali. Akasema yeye amenunua na kuuza mbuzi Kinango maisha yake yote, na mali anaijua: mali ni kitu ambacho kikifa unauona mzoga. Kwake yeye hakukuwa na mahari tangu mwanzo, kwa hiyo ulipwe mahari ya mfano, kama walivyolipwa wenzako wa ukoo. Nawe ulisema maneno machache. Ulisema uliambiwa ni fedha, kwa hiyo unataka fedha. Mimi, niliyekuambia, nilikohoa nikasema mtandao unakatika.

Huku nako kambini watu hubishana hayo hayo wakati wa chai. Mmoja husema ni fedha kwa sababu ameituma kwao bila ya benki. Mwingine husema fedha ni ile ambayo mwenye duka la mkate anaipokea bila kuuliza swali. Zamani nilikuwa nikichangia. Siku hizi hunyanyuka nikaenda kuosha kikombe.

Mkaenda Kwale kwa kadhi. Ulinieleza vizuri alivyosema, na nimeyashika maneno yake kama ulivyoyaleta. Aliwasikiliza wote wawili, akasema walimwengu wenyewe hawajakubaliana kitu hiki ni nini, na yeye hakuwekwa pale kuwaamulia walimwengu. Anataka kujua jambo moja. Siku ya nikaha, ninyi mliokuwapo mlipokezana nini? Kama mlipokezana kitu kwa idadi yake, basi ni sarafu mia mbili, zipande zishuke, na Nassoro ameshatoa. Kama mlipokezana thamani iliyojulikana, basi thamani ile ndiyo deni. Daftari la Mwalimu linasema idadi tu. Amebaki walii, na walii aandike.

Ukanipigia wiki tatu zilizopita. Nikakujibu kwamba siku nyingi zimepita na bei siikumbuki.

Ukasema, "Haya, kaka. Mungu akujaalie kukumbuka." Wala hukuinua sauti. Afadhali ungenitukana.

Nassoro naye alinipigia, siku ya pili yake. Sijui nani alimpa namba ya huku. Alikuwa mpole kama siku ile ya soda. Alisema, "Shemeji, hiyo maneno achana nayo. Ukiandika bei, na mimi nitaandika vile ulichukua mia ndio dhahabu isiguswe. Nitasema ulinunuliwa." Nikamwambia nitafikiri. Nilifikiri siku tisa, Mwanasiti. Siku tisa nilipima jina langu upande mmoja na wewe na mtoto upande wa pili, na kila siku nilipata sababu ya kupima tena kesho.

Aliyenimaliza ni Fadhili. Tulikuwa tunakunja nguo zake za safari na yeye alikuwa anajua nusu ya habari, ile nusu ninayowasimulia watu, ya dada yangu aliyedhulumiwa na mumewe. Nikamwambia tatizo ni kwamba wakati ule hakuna aliyejua kama kitu kile ni fedha au si fedha, sote tulikuwa vipofu. Akaniuliza kama na mimi nilipewa. Nikasema nilipewa kilemba. Akauliza nilikaa nacho siku ngapi kabla ya kukiuza.

"Tano," nikasema.

Akaendelea kukunja shati. Kisha akasema, bila hasira, "Basi wewe ulijua."

Nililia, mtu mzima, nimekaa juu ya kitanda cha chuma, na yeye akaniachia chumba. Aliporudi nikamwomba kama ataweza kupitia Msambweni.

Kwa hiyo kadhi na asome hapa. Mimi Bakari, kaka wa Mwanasiti kwa baba na mama, na walii wake siku ya nikaha, nashuhudia mbele ya Mungu kwamba mahari tuliyopokezana ilieleweka kuwa ni fedha, na mimi ndiye niliyetamka hivyo nilipoulizwa na Mwalimu Hamisi, na Nassoro alikuwapo hakupinga. Nashuhudia kwamba thamani yake mimi na Nassoro tuliijua, shilingi elfu moja na mia mbili kwa kila moja, jumla laki mbili na elfu arobaini. Nashuhudia kwamba ilikataliwa kuandikwa kwa kauli yangu mimi, kwa manufaa yangu, wala si kwa ridhaa ya dada yangu ambaye hakuulizwa. Nashuhudia kwamba siku ya tano Nassoro alinilipa kilemba changu kwa bei hiyo hiyo. Nimekwenda duka la simu huku wakanichapia ujumbe ule wa fedha, wenye namba yake na tarehe, na ule mwingine aliouandika, unaosema, "Shemeji hiyo ndiyo bei ya moja, usije ukasema nimekupunja." Karatasi hizo mbili ziko ndani ya bahasha hii. Simu yenyewe ninayo, sitaifuta.

Nassoro atasema nilinunuliwa. Usimpe nafasi ya kusema, sema wewe kwanza. Ni kweli nilinunuliwa. Kadhi akiona kilemba kile ni haki yako na yeye anaamuru nikirudishe, nitakirudisha kidogo kidogo kutoka mshahara wa hapa, nimeshamwambia karani wa ghala kwamba naongeza mkataba. Lakini usikubali mtu akuchanganyie mambo haya mawili, akakwambia kaka atalipa kwa hiyo mume asamehewe. Langu ni langu na la Nassoro ni la Nassoro.

Sijui kama kadhi atanikubalia. Shahidi aliyesema hakumbuki, kisha akakumbuka, ana kasoro, na Nassoro atalitaja hilo. Huenda nimechelewa. Huenda kikao kimeshapita wakati Fadhili anabisha hodi, maana ulisema ni baada ya Idi na mimi sijui atapata ndege lini. Kama kimepita, ipeleke hivyo hivyo, uombe usikilizwe tena. Mchukue Ami Suleiman akusindikize. Na uwalii wako nao umhamie yeye. Ukipata posa nyingine, na Mungu akupe mume wa heri, mimi nisiulizwe. Nimemwandikia Ami mistari miwili kumwambia hivyo, imo humo humo.

Usinipigie simu ukimaliza kusoma. Nakujua. Nikiiona namba yako nitapokea, nikipokea nitaomba radhi, na wewe kwa adabu uliyolelewa nayo utasema, "Yamekwisha, kaka," kabla hujafikiri. Sitaki unisamehe kwa sababu mimi ni mkubwa wako. Peleka karatasi kwanza. Upate chako kwanza. Ukishashika fedha mkononi, na friza ikaingia ndani, na ukakaa nayo mwaka mzima ukijua ungekuwa nayo tangu zamani kama si mimi, hapo ndipo uamue, na ukiamua kutonipigia kabisa nitaelewa.

Nisalimie Ami Suleiman, mwambie ile hotuba yake ya mzoga niliisikia na alikuwa na haki ya kukasirika. Nisalimie Mwalimu Hamisi, umwombe radhi kwa niaba yangu kwamba nilimzuia kalamu. Wasalimie wenzako mama karanga wote wanaoniulizia. Mtoto mbusu, usimwambie ni busu la nani, hanijui.

Shikamoo ya Mama niliitaja juu, na niliahidi kukueleza. Usimpe sasa. Msomee kwanza barua hii yote, usiruke hata palipo na aibu, naye akiwa ameketi. Ukimaliza mwambie Bakari anamwamkia. Kama ataitikia, niandikie kwamba ameitikia. Kama atanyamaza, usimlazimishe, wala usinitungie jibu.

Ndugu yako wa tumbo moja,
Bakari